Mabua, hamira na asidi ya sitriki: pH imeshuka lakini asidi haionekani

Muulizaji:
Naomba msaada wa wenye uzoefu. Nataka kutengeneza asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye ndimu, kutoka kwa mabua. Nilisaga mabua makavu ya mahindi, nikayachemsha katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, nikachuja na kupata maji ya rangi ya chai iliyokolea, ambayo nilipoyapima yalikuwa na sukari ya kutosha. Nilirekebisha pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu unapozidi) hadi 5, nikaongeza amonia salfeti, chumvi yenye naitrojeni, kwa wingi ili hamira isikose chakula, kisha nikatia hamira ya mkate na kufunga chupa. Baada ya siku 4 pH ilikuwa chini ya 4, nami nikaamini kwamba nimepata asidi ya sitriki. Hata hivyo, nilipodondoshea sodiamu haidroksaidi, ambayo huua makali ya asidi, ili kujua kiasi chake, matone machache tu yalitosha, na sukari karibu yote ilikuwa bado imo. Nimekosea wapi?

Jibu la 1:
Ndugu, pH ndiyo iliyokudanganya. Hamira inapofyonza amonia hutoa ioni za haidrojeni nje ya seli, kwa hiyo pH hushuka hata kama hakuna asidi ya kikaboni ya maana iliyotengenezwa. Kipimo chako cha pili ndicho cha kuaminiwa. Zaidi ya hayo, hamira ya mkate ikifungiwa bila hewa hutengeneza pombe, na nadhani ukinusa chupa hiyo utaipata harufu yake.

Kuhusu sukari iliyobaki, asidi iliyozimuliwa huvunja hasa hemiselulosi, sehemu moja ya kuta za seli za mmea, ambayo katika mabua hutoa kwa wingi sukari iitwayo zailosi, na hamira ya mkate ya kawaida haiwezi kuichachusha.

Jibu la 2:
Naongezea. Kwa asidi ya sitriki, hamira inayofaa ni Yarrowia lipolytica, nayo haiishi bila oksijeni, hivyo chupa iliyofungwa haifai kabisa. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba naitrojeni inapaswa kuisha mapema: seli huacha kuongezeka ilhali sukari bado ipo, kimeng'enya kinachoendeleza mzunguko wa Krebs (mfululizo wa hatua ambazo seli hupatia nishati) baada ya sitriki hupungua nguvu, na asidi hiyo hurundikana hadi kutolewa nje. Ile amonia uliyoimwaga kwa ukarimu ingekuharibia kazi hata kama ungekuwa na hamira sahihi.

Jibu la 3:
Wenzangu wamesema kweli, ila hawajagusa makapi. Yale yaliyobaki kwenye chujio ndiyo yenye selulosi, na ndani ya selulosi ndimo ilimo glukosi ambayo Yarrowia huipenda. Zailosi, aina zake za asili huitumia kwa shida. Isitoshe, maji yako ya rangi ya chai yamebeba furfurali na asidi ya asetiki zilizozaliwa wakati wa kuchemsha, na zote mbili hudhoofisha hamira. Yaoshe makapi hadi maji yatoke meupe, kisha yatie selulasi, vimeng'enya vinavyovunja selulosi kuwa glukosi, kwenye nyuzi joto 50 na pH karibu 5. Wakati wa kuchachusha, shusha joto hadi 28 au 30 na uilinde pH isianguke, kwa maana Yarrowia katika pH ya 3 huelekea kutengeneza erithritoli, aina ya kiongeza utamu, badala ya sitriki.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Harufu ya pombe ipo, hafifu. Makapi sikuyatupa, niliyakausha kwenye oveni. Nilikuwa nimesoma kwamba hamira husifiwa kwa kuvumilia uchachu. Mbona hapa naambiwa niilinde pH isishuke?

Jibu la 3:
Sifa hiyo inazihusu hamira nyingine, kama Pichia kudriavzevii, ambayo imebadilishwa vinasaba ili itengeneze asidi ya suksiniki. Bakteria wengi wa asidi ya laktiki hawavumilii uchachu, hivyo huhitaji chokaa ya kuupunguza muda wote, na mwishoni, asidi ya salfuriki inapotumika kuitenganisha asidi hiyo na chokaa, hubaki rundo la jasi. Hamira inayofanya kazi katika pH ya 3 hupunguza sana mzigo huo.

Kuhusu oveni, makapi yakikaushwa vinyweleo vyake hujifunga, na vimeng'enya hupenya kwa taabu. Andaa mengine, uyatumie yakiwa mabichi.