Chai ya mnanaa inatoka chungu na haina harufu, nakosea wapi?

Kikombe_cha_Usiku: Wadau, naomba msaada. Kila usiku kabla ya kulala nachemsha mnanaa mkavu dakika 20, sufuria wazi. Unatoka mchungu, harufu hakuna. Niongeze majani au muda?

JaniBichi: Usiongeze chochote. Mnanaa hauchemshwi, unalowekwa. Harufu ni mafuta yaliyo kwenye vifuko vidogo juu ya jani, na mvuke unaondoka nayo. Chemsha maji, epua, weka kijiko kimoja cha chai cha majani makavu kwa mililita 250, funika dakika 5 hadi 10, chuja. Matone yaliyoganda kwenye mfuniko yarudishe kikombeni, yana mafuta. Kwa mabichi, majani 10 hadi 15, yafikiche kwanza.

ShambaDogo: Kabla ya kulaumu moto, angalia majani. Vuna kabla mmea haujachanua, kausha kivulini penye hewa, hifadhi yakiwa mazima kwenye chupa inayobana. Ukiyasaga mapema, harufu inaisha chupani. Na usihangaike na mbegu: mnanaa huu mkali ni chotara na kwa kawaida hauzai mbegu. Panda kipande cha shina, tena kwenye chungu, maana ukiuachia bustani utaitawala.

Kikombe_cha_Usiku: Asanteni. Harufu nimeshaipatia njia. Kinachonisumbua zaidi ni kifua kuwaka usiku.

JaniBichi: Njia ipi?

Mpole77: Kinywaji cha kuburudisha mnakigeuza dawa ya kila kitu. Kunyweni polepole, mfurahie ule ubaridi.

Kikombe_cha_Usiku: Nakunywa kwa ajili ya gesi, Mpole77, si anasa.

Hakiki: Mkuu, hii ni chai. Kinywaji kisicho na harufu hakina mentholi ya maana, yaani kile kiini cha mafuta ya mnanaa kinacholeta ubaridi, kitachomaje kifua? Hadithi yako haijipangi.

Kikombe_cha_Usiku: Sijatunga. Natia matone manne ya mafuta ya mnanaa, yale ya chupa ndogo. Yameandikwa asilia. Na kiungulia ninacho tangu zamani, ila nimeshanunua chupa tatu.

Hakiki: Basi naifuta kauli yangu. Sasa inajipanga.

JaniBichi: Hilo ndilo ungeanza nalo. Mafuta hayo yamekolezwa mno na hayachanganyiki na maji. Yanaelea, unayameza yakiwa makali, yanaunguza koo na tumbo. Asilia haimaanishi salama. Tena mentholi hulegeza misuli: ndiyo maana tumbo lililokaza hupata nafuu, lakini hulegeza pia ule msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo. Ukilala, asidi inapanda.

Kikombe_cha_Usiku: Mbona kuna vidonge vya mafuta hayohayo?

JaniBichi: Vile vina ganda linalopita tumboni na kufunguka kwenye utumbo. Ndiyo maana havitafunwi.

Kikombe_cha_Usiku: Nikipunguza hadi tone moja?

ShambaDogo: Hapana, hata moja. Chupa hizo ziweke mbali na watoto. Kiungulia cha muda mrefu mpelekee daktari, na mnanaa uache hadi kitulie. Ukiurudia, loweka majani tu, unywe mchana, saa kadhaa kabla ya kulala. Kikirudi, gesi itafutie mmea mwingine.

Mpole77: Na mwenye kumeza vidonge vya madini ya chuma asivimeze na chai hii, inapunguza madini yanayofyonzwa. Apishanishe kwa saa mbili hivi.