Naomba ushauri: vitu vidogo vya marehemu mama nivitunze vipi?

Habari zenu wakuu. Mama alifariki mwaka jana na kisanduku chake kimebaki kwangu. Hakuna cha thamani humo: miwani iliyofungwa uzi mweusi kwenye bawaba, kitana kibovu, funguo ambazo hakuna anayejua zinafungua nini, na rundo la risiti. Ndugu zangu wanasema nitupe vyote. Kuhusu funguo sibishani nao.

Kinachoninyima raha ni risiti. Mama alikuwa anapigia hesabu zake nyuma ya risiti, pembeni anaandika majina yetu: nani anunuliwe viatu, nani asubiri. Sasa upande wa mbele maandishi ya mashine yanafutika. Najua karatasi ile haina wino, huandikwa kwa joto, ndiyo maana joto na mwanga huiharibu. Mwandiko wake wa kalamu bado upo. Nimezipiga picha, ila picha haina ile mikandamizo ya kalamu unayoisikia ukipitisha kidole. Nizitie kwenye bahasha ya karatasi au plastiki? Mashine ya moto ya kugandishia plastiki naiogopa, itazigeuza nyeusi tii.

Halafu kuna sweta lake la sufu. Kwenye kola harufu yake bado ipo, kwa mbali. Dada anataka lifuliwe, eti nondo hupenda sufu yenye jasho. Ni kweli, lakini likifuliwa harufu ndiyo imekwenda. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mwenye uzoefu anijibu mapema, maana dada anakuja wikiendi na yeye si mtu wa kusubiri.