Msaada wakuu: nina masaa nane tu Salvador, Brazil, nizunguke wapi na nile nini?

Mtoto wa Makorora:
Heshima kwenu wakuu. Mimi ni kijana wa Tanga, nafanya kazi dobi kwenye meli ya watalii, huu mkataba wangu wa pili na tangu tuingie upande wa Amerika ya Kusini nimepita bandari sita zote naziona kupitia kidirisha, maana siku meli inapofunga ndio siku shuka na foronya za vyumba vyote zinashuka chini kwetu, sasa safari hii mkuu wa zamu kaniambia pumzika. Ijumaa ijayo tunafunga Salvador, jimbo la Bahia. Natoka saa tatu asubuhi, saa kumi na moja jioni lazima niwe ndani, saa kumi na mbili meli inang'oa.

Wenzangu wa Kibrazil humu ndani wanaisifia sana, wanasema kuna mji wa kale, kuna ufukwe wa kuogea, kuna chakula chao cha nazi na mawese, halafu kuna mnara wa taa unaitwa Farol da Barra ambao jioni watu wote wanaenda kukaa kwenye majani kuangalia jua linazama. Mimi vyote navitaka. Pia ni Ijumaa, kama kuna sehemu ya kuswali naomba kujua, na nguruwe sili kwa hiyo nijue cha kuepuka. Hela sio nyingi, natuma nyumbani. Aliyewahi kufika naomba anipangie siku, sitaki nirudi kwenye kidirisha changu nikiwa nimezurura bandarini tu.

Nahodha Mstaafu:
Kijana wangu, kwanza futa hilo jua la kuzama. Salvador iko karibu na ikweta, jua linazama kwenye saa kumi na mbili hivi, na wewe saa kumi na moja unatakiwa uwe umeshagusisha kadi getini. Na Ijumaa jioni barabara ya kutoka Barra kurudi bandarini inajaa magari. Nilikuwa na mwenzangu, mtu wa Mtwara, aliachwa na meli bandari moja ya Amerika kwa ajili ya dakika ishirini tu, pasi yake ya kusafiria iko ofisini kwenye meli, nguo zake ziko kwenye meli, kampuni ikamkata nauli ya kumfuata bandari inayofuata na mkataba haukurudiwa tena. Alikuwa fundi mzuri sana yule. Saa tisa na nusu anza kurudi, hata kama unaona muda bado upo.

Dada Zuu:
Mie nimeishi Salvador miaka miwili kimasomo, ngoja nikuambie vizuri mdogo wangu. Bahati yako kubwa meli za abiria zinafunga Comércio, pale pale mjini, ukitoka getini ni mwendo wa dakika kumi tu kwa mguu unafika Mercado Modelo, soko la vitu vya asili, jengo lilikuwa forodha zamani. Usinunue kitu asubuhi, utabeba mzigo siku nzima. Ng'ambo ya barabara unaona mnara wa lifti, Elevador Lacerda. Mji ule umekatika vipande viwili, Cidade Baixa chini baharini na Cidade Alta juu ya mlima, lifti ndio inaunganisha tangu 1873, urefu mita 72 na inapanda kwa nusu dakika hivi. Mie nilikuwa nalipa senti 15 za real, hela yao. Tafadhali panda lifti, usijaribu kupanda zile njia za mteremko kwa mguu eti ufanye mazoezi, hata wenyeji wanaziogopa.

Ukitoka juu geuka nyuma uangalie. Bahari yote ya Baía de Todos os Santos iko chini yako na katikati ya maji kuna ngome ya duara, utafikiri sufuria limeelea. Hapo kaa kidogo. Halafu tembea kuelekea Pelourinho, ndio mji wa kale wenyewe, UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia 1985. Salvador ndio ilikuwa makao makuu ya Brazil tangu 1549 mpaka 1763 kwa hiyo majumba ni ya kweli, marangi ya kila aina, njia za mawe zina utelezi vaa viatu vya kufunga. Pelourinho maana yake ni nguzo ya kuchapia watumwa viboko. Wengi wanapiga picha pale hawajui, wewe ujue.

Kigoma Ujiji:
Mkuu kuhusu chakula tulia hapa. Asubuhi usinywe chai nzito kwenye meli. Kuna kitu kinaitwa acarajé, ni bagia za kunde, sio za dengu, za kunde kabisa zilizomenywa ganda zikasagwa na kitunguu, halafu zinakaangwa kwenye mawese wanayoita dendê. Mimi wa Kigoma nilivyosikia ile harufu barabarani nilisimama kama mtu aliyeitwa jina. Mama amekaa nyuma ya meza yake, gauni jeupe pana, kilemba, shanga, anachota unga kwa mwiko anaangusha kwenye mafuta mekundu, bagia inakuwa kubwa kama ngumi, akiitoa anaipasua katikati kwa kisu anapaka vatapá (uji mzito wa mkate, kamba wakavu, karanga na tui), anaweka kachumbari na kamba wadogo wa kukaushwa na maganda yao. Kazi ya hawa akina mama wa acarajé serikali yao iliitambua rasmi kuwa urithi wa taifa 2005.

Sasa cha kuzingatia, atakuuliza "quente ou frio?" yaani moto au baridi. Usiseme moto ukidhani anauliza joto! Moto kwao ni pilipili. Sema "pouca pimenta", pilipili kidogo, mpaka uijue.

Mtoto wa Makorora:
Daah mkuu bagia na tui, huko si Tanga kabisa. Mawese mimi sijazoea lakini.

Dada Zuu:
Kama hujazoea mawese kula bagia moja tu, msiwe na tamaa. Dendê ya kwanza tumbo linaweza kukuendesha na kesho yake wewe una zamu.

Na nimesahau, una bahati Ijumaa! Bahia siku ya Ijumaa ndio siku ya kula vyakula vya mawese na watu wengi wanavaa nyeupe, utaona wafanyakazi wa ofisi, madereva, wanafunzi, weupe mtupu mji mzima, wanafanya hivyo kwa heshima ya Oxalá, mmoja wa miungu wa dini yao ya asili ya Kiafrika, Candomblé, na hata wasio wa dini hiyo wameshazoea. Kwa hiyo usiende mgahawa wa kitalii wa Pelourinho ukaagiza moqueca, kwanza inakuja chungu cha watu wawili na unalipa ya watu wawili, pili unasubiri hata dakika arobaini. Tafuta mgahawa wa "comida a quilo", chakula cha kupimwa. Unachukua sahani unajipakulia mwenyewe, unaweka kwenye mzani, unalipa uzito. Ijumaa mchana wengi wanaweka moqueca ya samaki, vatapá, na caruru ambayo ni bamia na kamba na mawese. Unaonja vyote kwa hela ya kijana. Moqueca ni samaki wa nazi tu mdogo wangu, tofauti yake ni mawese na majani ya giligilani mengi.

Nguruwe: feijoada ile ya maharage iache, ina nguruwe. Farofa, unga wa muhogo wa kukaanga, uliza kwanza maana wengine wanatia nyama ya nguruwe ya kuvuta moshi. Sema "tem porco?"

Ustadhi wa Kariakoo:
Assalaam alaykum. Kuhusu swala, kipo kituo cha Kiislamu mtaa wa Nazaré, uko huko huko Cidade Alta, sio mbali na Pelourinho, taksi dakika chache. Wasiliana nao mapema uhakikishe saa ya Ijumaa.

Lakini kuna jambo nataka ulijue kabla hujakanyaga ule mji. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, ndani ya mwezi wa Ramadhani, Waislamu waliokuwa watumwa pale Salvador waliinuka kwa silaha kudai uhuru wao. Wengi walikuwa Wayoruba na Wahausa, wenyeji waliwaita Malê. Mapambano yalianza kwenye nyumba moja Ladeira da Praça, hiyo njia iko hatua chache tu kutoka ilipo lifti. Walishindwa, waliuawa, waliochapwa walichapwa, waliorudishwa Afrika wakarudishwa. Polisi walipowapekua waliwakuta na karatasi zilizoandikwa Kiarabu, aya na dua, na karatasi zile baadhi zimehifadhiwa kwenye nyaraka za Bahia mpaka leo. Watu waliotolewa kwao kwa minyororo, wanafanya kazi kuchwa, na bado usiku wanafundishana kuandika. Ukipita hiyo njia waombee dua, usipite bure.

Mtoto wa Makorora:
Waalaykum salaam ustadhi. Hili sikulijua hata kidogo. Nitapita na nitaomba inshallah.

Kigoma Ujiji:
Hilo la acarajé nalo ujue asili yake ni chakula cha dini ya Candomblé, kinahusishwa na Iansã, mungu wao wa kike. Walokole wa kule wengine wanauza ile ile wanaiita bagia za Yesu ili waikwepe asili hiyo. Nakuambia ili uamue mwenyewe ukiwa unajua.

Bi Mdachi:
Kanisa la São Francisco lile lililojaa dhahabu ndani usiliweke kwenye mpango, Februari 2025 dari liliporomoka akafariki mtalii, likafungwa. Tazama kwa nje tu. Alafu kule "igreja" ni kanisa, usishtuke kuona vibao vya igreja kila kona, ndio neno lililotupa gereza sisi. Na wewe wa dobi, foronya wanaita fronha, meza ni mesa, bendera ni bandeira. Mreno aliacha maneno pwani zetu zote.

Simu weka mfuko wa mbele, usitembee nayo mkononi. Vijana watakufunga utepe wa rangi mkononi wanasema ni zawadi, ukishafungwa wanadai hela. Sema "não, obrigado" endelea kutembea. Beba hela taslimu ndogo ndogo, wachuuzi wengi wanataka Pix, ile ya kulipa kwa simu, na mgeni huna.

Nahodha Mstaafu:
Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano uwe nacho, ukirudi nyumbani kutokea Brazil watakiulizia.

Dada Zuu:
Haya, mpango wangu. Saa tatu lifti na Pelourinho. Saa tano acarajé moja na dafu. Swala. Ukitoka, chakula cha kupimwa kidogo, taksi mpaka Porto da Barra, kama kilomita tano toka bandarini. Ni ufukwe mdogo umejificha ndani ya ghuba, maji yametulia kama bwawa, tofauti na fukwe za upande wa bahari kuu. Oga. Ukiwa na dakika kumi tembea mpaka Farol da Barra, maji yakiwa yametoka utaona vidimbwi kwenye miamba vina samaki wadogo. Saa tisa na nusu rudi kama nahodha alivyosema. Abaeté na matuta yake ya mchanga, Praia do Forte na kasa wake, Itaparica, hayo mwache mwenye siku tatu. Ila juu kwenye nyaya za umeme angalia, kuna vitumbili vidogo kama kiganja vina manyoya meupe masikioni vinakimbia juu ya magari, hivyo hulipii.

Na jua lako usilie nalo. Meli ikitoka ghubani inapita mbele ya mnara ule ule. Panda sitaha ya nyuma ya wafanyakazi.

Mtoto wa Makorora:
MREJESHO. Wakuu nimerudi, nawaandikia kutoka kantini.

Nimefanya karibu yote. Pelourinho nilikaa sana kuliko nilivyopanga maana kulikuwa na vijana wanapiga ngoma kwenye ile njia ya mteremko nikashindwa kuondoka. Ladeira da Praça nilisimama, ni njia ya kawaida tu, magari yanapita, duka la funguo, mzee anauza karanga. Nikasoma Fatiha nikaendelea. Swala niliipata.

Acarajé ustadhi nisamehe kama nimekosea, nilinuia chakula tu nikapiga bismillah. Mama aliponiuliza quente ou frio nikamjibu pouca pimenta akacheka akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzânia, akaniongezea kamba. Ile ganda ya nje inavunjika kama bagia za kwa bibi Ngamiani, ndani laini kabisa, halafu mafuta mekundu yanakuchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Pembeni alikuwa na cocada, wakuu zile ni kashata za nazi, za sukari ya kuungua, nimenunua nne na moja iko mbele yangu hapa. Mgahawa wa kupimwa nilikula caruru na samaki, na mashelisheli ya kuchemsha yalikuwepo, wao wanaita fruta-pão, sikutegemea kabisa kuyaona huko.

Porto da Barra nilioga nusu saa. Miezi minne nipo juu ya bahari kila siku na ilikuwa mara ya kwanza maji ya bahari yananigusa. Mnara wenyewe sikuufikia, saa tisa na nusu nilikuwa kwenye taksi, na foleni nahodha ilikuwa kama ulivyosema, saa kumi na robo ndio nikashuka.

Saa kumi na mbili na nusu hivi nilipanda sitaha ya nyuma na wafilipino wawili wa dobi. Ghuba nzima ilikuwa rangi ya yale mawese. Mnara una mistari meusi na meupe, taa yake ilikuwa imeshawaka, na kwenye majani chini yake watu wadogo wadogo wamejaa, baadhi wanapunga mikono. Tukawapungia mpaka hawakuonekana tena.