Slabu ya zamani Tanga: rangi ya kuzuia maji, karatasi za lami, au bati juu?

Mwenye Slabu
Wakuu, habari za kazi. Nyumba iko Chumbageni, paa ni slabu ya zege mita 12 kwa 9, umri miaka arobaini na ushee. Mteremko hakuna wa maana, maji yanatuama upande wa simtanki. Dari la chumba kimoja lina madoa ya kutu na plasta inabanduka. Kila fundi ana lake: mmoja rangi nyeupe ya akriliki, mwingine karatasi za lami za kuchomea kwa gesi, mwingine anataka tupige mbao tuezeke bati juu ya slabu. Kwa joto na chumvi ya huku, kipi?

Fundi Zege
Madoa ya kutu umeyataja kama jambo dogo, kumbe ndilo kubwa. Anza chini, si juu. Gonga dari lote kwa nyundo ndogo. Panapolia kama debe tupu, zege limeachana na nondo. Chumvi ya bahari hupenya zege kidogo kidogo, ikifika kwenye chuma kutu huanza, na kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inapasua zege kutoka ndani. Rangi ya juu itapunguza maji yanayoingia, lakini chumvi iliyokwishaingia haitoki.

Palipoachana, chimba kwa tindo mpaka upite nyuma ya nondo kama sentimita 2, na uifuate kushoto na kulia hadi ukute chuma safi. Piga brashi ya waya ing'ae, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, paka praima ya zinki, kisha jaza mota ya kukarabatia isiyosinyaa. Mchanga wa ufukweni marufuku. Pima nondo kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene: ya mm 12 iliyobaki mm 10 imeshapoteza karibu 30% ya chuma chake. Ukikuta hivyo sehemu nyingi, mwite injinia kwanza, habari ya rangi iwekeni kando.

Barabara ya 14
Fundi kamaliza upande wa chini. Juu swali ni kutuama. Mvua ikikatika, subiri saa 48, panda na chaki uzungushie kila dimbwi lililobaki, pima kina kwa rula. Akriliki ni rangi ya maji. Ikikaa chini ya dimbwi siku nyingi inalainika, inavimba, kisha inabanduka vipande vizima. Mtu atakuambia rangi ilikuwa feki, wakati kosa ni dimbwi.

Ila msikimbilie kumwaga skridi, yaani tabaka la saruji la kutengeneza mteremko, bila hesabu. Mteremko wa chini unaokubalika ni 1 kwa 80, yaani mm 12.5 kila mita. Ukitoa maji pande zote mbili za upana wa mita 9, katikati lazima painuke karibu sentimita 6. Ongeza sentimita 2 za chini kabisa kwenye ukingo, wastani unakuwa kama sentimita 5, sawa na kilo 100 kila mita ya mraba. Kwa mita 108 hiyo ni tani kumi na moja juu ya slabu ambayo nondo zake ndio kwanza mnazikagua. Madimbwi mawili matatu ya kina cha mm 10 jaza kwa mota, basi. Slabu iliyolala yote ni habari nyingine.

Dada wa Raskazone
Kaka, tundu la maji umeliangalia? Nyumba nyingi zina bomba moja la inchi 4, nalo limejaa majani ya mwarobaini. Toboa la pili kwenye ukuta mfupi wa ukingo wa paa, kitako chake kiwe juu ya sakafu ya paa kwa sentimita 3 hivi, la kwanza likiziba maji yaone pa kutokea.

Mchoma Lami
Mmeiruka lami bure. Karatasi ya mm 4 inastahimili maji yaliyotuama kuliko akriliki, na haitegemei mkono wa mpakaji kujua unene. Inachotaka ni nidhamu: zege kavu, praima ya lami ikauke, maungio ya pembeni yalaliane sentimita 10 na ya mwisho wa roli 15, na kwenye ukuta ipande sentimita 15 juu ya sakafu. Kwenye kona ya sakafu na ukuta weka kwanza kipande cha mota cha mshazari, kwa sababu karatasi ikikunjwa nyuzi 90 hupasuka hapo hapo. Ukiona lami imetoka kidogo kwenye ukingo wa ungio, limeshika. Usipoiona, rudi na moto.

Kwa paa lako roli 15 za mita 1 kwa 10, kuta zikiwemo.

Barabara ya 14
Na joto je? Lami nyeusi inameza karibu jua lote, usiku chumba kinakuwa tanuri. Rangi nyeupe mpya inarudisha kama 80%.

Mchoma Lami
Kweli, ndiyo maana inapakwa rangi ya fedha au nyeupe juu yake. Na hiyo 80% yako ni ya mwezi wa kwanza. Kwa unyevu wa Tanga ukoga mweusi unaingia mapema. Usiposugua kila mwaka kabla ya kaskazi, unabaki na paa la kijivu.

Fundi Zege
Hapo nakubali. Nyongeza kuhusu saa za kupaka, maana wengi wanaharibu hapa. Asubuhi zege likianza kupata joto, hewa iliyo kwenye vitundu vyake inatanuka na kuisukuma rangi: unapata matundu ya sindano na malengelenge. Praima ipakwe saa 9 alasiri, slabu ikianza kupoa.

Dada wa Raskazone
Lakini mkono mnene wa rangi ukiupaka saa 11 jioni umande unaukuta mbichi, asubuhi umekuwa mweupe kama maziwa.

Fundi Zege
Sawa kabisa, ndiyo maana nimesema praima. Ile ni nyepesi, inawahi kukauka. Mikono ya rangi anza umande ukiisha, acha slabu ikianza kuchoma kiganja. Na kabla ya yote bandika nailoni sentimita 45 kwa 45, ziba pande zote kwa utepe, iache saa 16. Ukikuta matone chini yake, zege bado bichi, subiri. Miezi mizuri ni Januari na Februari, au Agosti na Septemba.

Mzee wa Pwani
Bati halijapata mtetezi. Mbao na bati ni mzigo mdogo kuliko skridi, na kivuli chenye upepo chini yake kinapooza kuliko rangi yoyote. Geji 28 lililo nene, si 30, lenye mchanganyiko wa alumini na zinki. La zinki tupu karibu na bahari halikai. Mbao zishikwe kwenye vijiguzo vya tofali vilivyofungwa kwenye ukuta wa pembeni, msitoboe slabu. Na msiache wazi kiasi cha upepo wa kusi kuingia chini na kuling'oa.

Bagamoyo Mjini
Je, nyumba ya mawe ya matumbawe yenye boriti na chokaa nayo ipakwe akriliki?

Mzee wa Pwani
Hapana, mwanangu. Chokaa lazima ipumue. Ukiifunga juu, unyevu unabaki kwenye boriti, zinaoza kichwani zilipoingia ukutani, mahali usipopaona. Rudishia chokaa kwa chokaa. Na kama iko Mji Mkongwe wa hapo Bagamoyo, pita kwanza ofisi ya Mambo ya Kale.

Mwenye Slabu
Nimegonga dari. Panapolia debe ni sehemu moja tu, chini ya simtanki. Kwingine pazima, madimbwi mawili ya mm 8. Akriliki ndoo ngapi?

Barabara ya 14
Basi paka. Mita 108 na kuta kama 8, kwa kilo 1.5 kila mita: ndoo 9 za kilo 20, mikono miwili, wavu wa faiba ulale katikati ya mkono wa kwanza ungali mbichi, hasa kwenye kona na nyufa. Simtanki lihamishe kabla: liinue kwenye kuta mbili za tofali zilizokaa juu ya ukuta wa nyumba, si katikati ya slabu, na bomba la kufurikia lishushwe mpaka chini nje ya nyumba. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili, na hapo ndipo nondo zako zimeliwa.

Fundi Zege
Na ukichimba hapo chini ya tangi, kwanza pigia miti ya kuegemeza slabu. Picha ya nondo ikishapigwa brashi itume, tuone kipimo cha kalipa.