Ushauri: kubana majina ya matawi kwenye seva ya Git

DevSinza: Habari wakuu. Tuna seva yetu ya Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo), ni Linux. Kila mtu anaita tawi (branch, yaani mkondo wake wa kazi) atakavyo: kuna `Malipo/lipa-namba` na `malipo/lipa-namba`, kila moja na kazi yake. Wenye Windows wakifanya fetch (kuvuta kazi mpya kutoka kwenye seva), yanavurugana. Git yenyewe haikagui majina?

Fundi_Seva: Inakagua mkuu, ila kidogo. Inakataa nafasi, `~ ^ : ? * [`, nukta mbili mfululizo, `@{` na jina linaloishia na `.lock`. Herufi kubwa na ndogo haizigusi. Kwenye Linux hayo majina yako ni mafaili mawili; Windows inaona moja. Kwenye repo (hifadhi ya mradi) ya seva weka `hooks/update`, skripti ambayo Git huiendesha kwa kila tawi kabla ya kulipokea:

```
#!/bin/bash
export LC_ALL=C
[[ $1 == refs/heads/* && $2 =~ ^0+$ ]] || exit 0
ruhusa='^refs/heads/[a-z0-9]+([/._-][a-z0-9]+)*$'
[[ $1 =~ $ruhusa ]] && exit 0
echo "Jina limekataliwa: $1" >&2
exit 1
```

Kisha `chmod +x`, kuipa ruhusa ya kuendeshwa. Bila hiyo Git inairuka. `$1` ni jina la tawi, `$2` ni thamani yake ya zamani: ikiwa sifuri tupu, tawi ndiyo kwanza linazaliwa. Tunakagua hapo tu, ili matawi ya zamani yaendelee kupokea kazi na yaweze kufutwa. Wengi hubana kila push (kutuma kazi kwenye seva), halafu hata kufuta jina baya inashindikana. `LC_ALL=C` usiitoe, maana kwenye lugha fulani za mfumo `[a-z]` hupitisha herufi kubwa.

Binti_Taminali: Naongezea: usitumie `pre-receive`, skripti inayoendeshwa mara moja kwa push nzima, kwa hili. Jina moja likikosewa, push nzima inagoma. `update` inakataa tawi husika tu.

DevSinza: Shukrani. Na yale yaliyokwisha gongana?

Fundi_Seva: Ingia kwenye repo ya seva, ubadilishe jina la moja:

`git branch -m Malipo/lipa-namba malipo/lipa-namba-qr`

Wenzako wote wafanye `git fetch --prune`, inayofuta kwao majina yasiyopo tena kwenye seva, wa Windows hasa.

Binti_Taminali: Angalia pia kusiwe na tawi linaloitwa `malipo` peke yake. Kwa uhifadhi wa kawaida wa Git hilo ni faili, na `malipo/lipa-namba` linataka `malipo` iwe folda. Utapata "cannot lock ref" na skripti hiyo haitakuokoa, kwa sababu majina yote mawili ni halali. Libadilishe kwanza, hata `malipo/kuu` inatosha.