Naomba ushauri: kufuatilia mikoko ya delta ya Rufiji kwa picha za setilaiti

Habari za kazi, wanajamvi. Ninasaidia kamati ya mazingira ya kijiji kimoja kaskazini mwa delta ya Rufiji, ambako mikoko imekuwa ikikatwa kupisha mashamba ya mpunga, nasi tunataka kuonyesha kwa ramani ni wapi msitu umepungua na ni wapi umeanza kurudi.

Kwa miaka ya nyuma natumia picha za Landsat (setilaiti za Marekani), zinazotolewa bure tangu 2008, lakini pikseli (nukta moja ya picha) ya mita 30 humeza kabisa shamba dogo. Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya yenye pikseli ya mita 10, huonyesha kingo vizuri zaidi. Shida ni mawingu ya masika na, zaidi ya hayo, kujaa na kupwa kwa maji, kwa kuwa picha iliyopigwa wakati wa bamvua (maji makuu) huifanya michu michanga, aina mojawapo ya mikoko, ionekane kama maji matupu. Tena mpunga ukiwa kijani, programu huuhesabu kuwa msitu, jambo ambalo bila shaka humfurahisha aliyefyeka.

Je, rada ya Sentinel-1, inayopenya mawingu, inaweza kutenganisha mpunga uliofurika na mikoko, au nichague tu picha za kiangazi, maji yakiwa yamekupwa na mpunga umeshavunwa? Na kwa uhakiki, droni inatosha, ukizingatia suala la kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, au ni lazima tuingie kwa mtumbwi na GPS? Bajeti yetu ni ndogo, hivyo programu za bure za ramani kama QGIS ndizo zitakazotufaa.