Mtu mzima unainua glovu yangu juu mbele ya watu unauliza nani kaacha kitambaa cha kuepulia sufuria?!

Wakuu, nimetoka jimu sasa hivi, jasho halijakauka, na nisipoandika hapa nitapasuka.

Yule bwana mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa singlendi iliyokatwa ubavuni mpaka kiunoni, anayebwaga dambeli kwa kishindo mpaka kuku wa jirani wameacha kutaga. Yule ambaye akimaliza seti moja ya kifua lazima auzunguke ukumbi mzima kama anakagua gwaride. Hapa Kigoma, aliyeko Mwanga anamjua, wa Katubuka anamjua, wa Gungu anamjua, hata aliyekaa Kibirizi saa hizi anasubiri boti anamjua. Sitaji jina na sina haja.

Leo ilikuwa zamu yangu ya mgongo. Nimevuta chuma seti mbili safi, nikavua glovu ya kulia, nikaiweka kwenye benchi ninywe maji. Maji tu, wakuu, sikwenda mbali. Nageuka, jamaa kaishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa, kaiinua juu kabisa, halafu kwa sauti ya mnadani: "Jamani, nani kaacha kitambaa chake cha kuepulia sufuria?"

Kitambaa. Cha kuepulia. Sufuria.

Ukumbi ulilipuka. Mji huu haujasikia kelele kama zile tangu Stanley amkute Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Aliyekuwa amelala chini ya chuma kwenye benchi alicheka mpaka ikabidi watu wawili wakimbie kumtoa mzigo kifuani. Kuna kijana ana deni langu la elfu nane, wiki ya tatu ananikwepa, nikimpigia simu hapatikani. Leo alitokeza mwenyewe kutoka nyuma ya kioo ili acheke vizuri. Mtoto wa mwenye jimu, darasa la pili, alikuwa anafanya hesabu zake pale mlangoni. Aliweka penseli chini akacheka.

Natoka nje, bodaboda wa pale kona: "Mama Ntilie, ubwabwa umebaki?" Hazijapita dakika tatu! Habari imenitangulia mimi mwenye habari!

Sasa nisikilizeni. Mimi ni fundi cherehani. Kiganja changu ndicho kinacholisha watoto. Nilipoanza mazoezi nilishika chuma mikono mitupu kama wao, sugu zikaota pale chini ya vidole, ngumu kama ganda la fenesi. Nikaletewa satini ya bibi harusi. Kila nikiilaza kwa mkono, sugu inanasa. Inavuta uzi. Satini ikishavutwa uzi hairudi, upige pasi mpaka asubuhi hairudi. Nililipa mita 4 za kitambaa cha watu kutoka mfukoni mwangu, na bibi harusi analia mbele yangu. Ndipo nikanunua glovu. Hakuna urembo hapo.

Na chuma chenyewe cha pale tunakijua. Kile si chuma cha mashindano, kilo 20, unene milimita 28, ncha zinazunguka zenyewe. Kile ni bomba la maji lililochomelewa gia za lori huku na huku, na pale alipoishia mchomeleaji pamebaki kijino kinakungoja. Ukikishika unaondoka na kiganja chenye rangi ya mawese, ni kutu tupu. Na joto letu hili la ziwani, jasho linashuka mpaka kwenye viwiko, bomba linateleza kama mgebuka ametoka majini sasa hivi. Halafu mtu ananiambia mwanaume hushika hivyo hivyo.

Lakini tuache hayo. Tuseme glovu hazifai. Tuseme nimekosea kuzinunua. Ndiyo uiinue juu? Wewe ni kaka mkubwa kwangu, si ungeniita pembeni: "mdogo wangu, hiyo kitu inakuharibia mshiko"? Ningekusikiliza, wallahi ningekusikiliza. Hapana. Vidole viwili! Kama ameokota panya!

Na huyo huyo akiamka kwenye benchi anaacha jasho ramani nzima ya Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura mpaka Mpulungu, na hafuti. Kuna aliyewahi kuchukua chochote chake akakinyanyua mbele ya watu? Anavyotembea mle ndani utadhani yeye ndiye aliyeiibua meli ya Liemba kutoka ziwani mwaka 1924, peke yake, mikono mitupu.

Kesho ni siku ya miguu. Nakwenda. Glovu nakwenda nazo, zote mbili, na nitazivaa nikiwa barabarani. Kitambaa cha kuepulia! Mimi!

———

SitiYaDirishani: Nimeshakaa. Muuza kahawa apite huku na kashata.

KuheMkubwa: Nilikuwepo leo. Mtoa mada kaficha jambo moja. Jamaa alipouliza kitambaa cha nani, yeye mwenyewe aliitikia "changu".

Mtoa mada: Sikusema changu! Nilisema YANGU. Glovu yangu. Usinilishe maneno.

KuheMkubwa: Mkuu, nilikuwa hatua mbili. Ulisema "changu hicho, lete". Sote tulisikia.

MwishoWaReli: Kama alisema "changu" basi kesi imekwisha. Glovu ni "yangu". Kitambaa ndicho "changu". Amekiri mwenyewe kwa ngeli.

Mtoa mada: Nilikuwa natweta! Nimetoka kuvuta kilo 90, ngeli nitaitoa wapi?

SitiYaDirishani: Ngeli imemwangusha mtu mzima. Kahawa imefika, endeleeni.

MkonoMkavu: Pole, mkuu. Lile jambo la kuinua juu ni utovu wa adabu, hilo halina mjadala. Ila kuhusu sugu, glovu si dawa peke yake. Wengi wanakiweka chuma katikati ya kiganja. Uzito ukivuta, ngozi inateremka na kujikunja pale chini ya vidole, mkunjo huo ndio unaozaa sugu. Kiweke chuma chini zaidi, pale vidole vinapoanzia, ngozi haina pa kujikunja. Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa laini, sugua na jiwe la kusugulia visigino. Glovu nene zinanenepesha bomba, na bomba likinenepa vidole havifungi vizuri, utaachia mzigo kabla mgongo haujachoka. Wanyanyuaji wakubwa wanapaka magnesi kaboneti, ule unga mweupe. Si chaki ya ubaoni, msiende kuiba shuleni.

Mtoa mada: Asante kwa kunijibu kistaarabu, wewe ndiye mtu wa kwanza leo. Lakini unga mweupe, halafu saa moja baadaye nishike satini nyeusi ya mteja? Na hilo la mshiko, ndilo nililosema: angeniambia hivi hivi ulivyoniambia wewe! Kwa maneno! Si kwa vidole viwili!

ChumaChakavu: Tangu babu zetu watu wanapakia magunia bandarini mikono mitupu na hakuna aliyelia. Vijana wa siku hizi mmekuwa laini. Vua glovu, ota sugu, oa.

DagaaWaJua: ChumaChakavu, umewahi kumuuliza huyo babu kama angepewa glovu angekataa? Tena niwape mfano wa hapa hapa nyumbani. Wajerumani walipotaka kuizamisha Liemba mwaka 1916, wakati ule ikiitwa Graf von Götzen, waliipaka mitambo grisi kwanza ndipo wakaizamisha. Ilitolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kama injini ya meli ilikingwa, ngozi ya fundi ina kosa gani?

ChumaChakavu: Basi apake grisi.

DagaaWaJua: Wewe hutaki hoja, unataka kelele.

MamaWawiliGungu: Niseme na mimi, maana naona mnacheka tu. Wanawake tukiingia mle bila glovu: "dada, mikono itaharibika, nani atakuoa." Tukivaa: "unaona, wamekuja kupiga picha." Kaeni chini muamue. Na wewe mtoa mada, nimekuonea huruma mpaka nilipofika pale kwenye Mama Ntilie. Limekuwa tusi tangu lini? Mama yangu kapika wali maeneo ya stesheni miaka 20. Sufuria linalolisha abiria wa treni unalijua uzito wake? Analiepua peke yake, wali umejaa, moto chini, na kitambaa ni kipande cha kanga. Kasomesha watoto watano. Huyo jamaa wa singlendi hata kulisogeza hawezi.

MwishoWaReli: Huyo mama aletwe jimu tafadhali. Na sufuria lake.

Mtoa mada: Dada yangu, nisamehe, hapo umesema kweli. Kuitwa Mama Ntilie si tusi. Aliyefanya niitwe hivyo ndiye ninayemlalamikia. Alivyoinyanyua ile glovu ungekuwepo ungelia.

KuheMkubwa: Alikuwepo dada mmoja. Alicheka.

BandariKavu: Mmeacha hoja kubwa, ramani ya Ziwa Tanganyika kwenye benchi. Hilo ndilo la kufunguliwa uzi. Juzi nimelala kwenye benchi nikahisi nimeanguka majini. Taulo elfu mbili tu hapo sokoni, mtu hana, ila singlendi anazo saba.

TanuriLaMwanga: Na wale wanaomaliza wanaacha kilo 120 kwenye bomba, wewe wa kilo 30 unaanza kushusha gia za lori za watu kabla hujaanza tizi lako. Nashusha mizigo kama kibarua wa stoo.

SurualiYaKadeti: Subirini. Nimesoma uzi huu mara mbili. Mtoa mada umesema wewe ni fundi cherehani?

Mtoa mada: Ndiyo.

SurualiYaKadeti: Wa Mwanga?

Mtoa mada: Hilo halihusiani na mada.

SurualiYaKadeti: Maana kuna fundi mmoja pale, sitaji jina, nimempelekea suruali ya kadeti apunguze kiuno na kutia pindo. Kazi ya nusu saa. Nimekwenda mara sita. Mara umeme, mara sindano imevunjika, mara "njoo kesho, bado vifungo". Suruali ilikuwa na vifungo vyake nilipompa!

BibiWaBangwe: Afadhali wewe. Mimi nilipeleka kitambaa cha sare ya shule ya mwanangu. Nimeshonewa mtoto yuko darasa la saba, na kilikatwa kwa kipimo cha darasa la tano. Amevaa mdogo wake.

TanuriLaMwanga: Fundi wangu nilikutana naye harusini, kavaa shati langu. Kanisalimia bila wasiwasi. Tena limemkaa vizuri kuliko mimi.

DagaaWaJua: Mimi nilipeleka kitenge kizuri cha kutoka Kongo, yadi sita, nikitaka gauni la mke wangu. Gauni likarudi fupi. Wiki iliyofuata binti wa fundi kapita njiani na kilemba cha kitambaa hicho hicho.

Mtoa mada: Jamani turudi kwenye mada. Mtu kachukua mali ya mtu, kainyanyua mbele ya ukumbi mzima

BibiWaBangwe: Na ukimpigia anasema "niko njiani". Fundi yuko njiani kwenda wapi? Cherehani iko dukani kwake!

MwishoWaReli: Yuko njiani kwenda jimu.

SitiYaDirishani: Naongeza kashata.

MkonoMkavu: Kwa uzoefu wangu, ukimpa fundi kazi ya sikukuu mdanganye tarehe. Sema unasafiri wiki mbili kabla.

BibiWaBangwe: Tulishajaribu. Naye anajua tunadanganya, anaongeza wiki tatu.

MamaWawiliGungu: Ujiji kuna mzee mmoja mwaminifu, ila lazima ukae naye kwenye benchi mpaka amalize. Ukiinuka kwenda kununua maji, anashika kazi ya mwingine.

Mtoa mada: Vidole viwili, wakuu. Kama panya.

SurualiYaKadeti: Ni ya bluu. Kiuno nilikuambia kiwe 34. Ndani ya mfuko wa nyuma niliacha tiketi ya boti.

Mtoa mada: Ya bluu ipo. Nimeiona jana, iko chini ya zile sare. Pindo limeshatiwa, bado vifungo. Njoo Jumamosi.

SurualiYaKadeti: Jumamosi ipi?